Bwawa la Nyerere linazalisha, mbona Dar tunazidi kununua betri?

#1 Kimara Mwisho
Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo linanizunguka kichwani. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, tunahesabu siku za Bwawa la Julius Nyerere. Mashine ya kwanza ikawaka Februari 2024, na mwaka uliofuata zote tisa zikawa tayari. Umeme unaoweza kuzalishwa nchini sasa unazidi mahitaji yetu.

Wiki iliyopita nikashuka Gerezani, kule Kariakoo, kutafuta waya. Nimepita maduka manne yaliyofuatana ambayo nayajua miaka mingi, yalikuwa ya feni na pasi. Sasa mbele yote ni betri. Za lithiamu nyeupe za kutundika ukutani, betri nyeusi zimepangwa kama matofali ya kuchoma, inveta (za kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) zimewashwa zinaonyesha namba za kijani. Na wateja wapo. Mmoja ana kliniki ya meno Sinza, mwingine ana saluni, mwingine baba wa familia kama mimi.

Swali langu: kama umeme upo, kwa nini watu wananunua akiba ya umeme? Na nchi za nje nasikia zinajenga mabetri ya kujaza uwanja wa mpira. Sisi wenye maji tunayahitaji hayo, au ni biashara ya watu?

#2 Chachandu
Naweka kambi hapa. Waiteni Fundi Mbagala na yule mzee aliyefanya kazi bwawa la umeme la Kidatu.

#3 Kitonga
Mkuu, betri ndiyo habari ya mjini dunia nzima. Australia Kusini jimbo lote lilizima Septemba 2016. Mwaka uliofuata Elon Musk wa Tesla akaahidi betri ndani ya siku 100 au wachukue bure, na akaimaliza kabla. Inaitwa Hornsdale. Tangu siku hiyo upepo ukilala ile betri inalisha jimbo zima. Sisi tuna mashine tisa za megawati 253 na bado tunalala na vibatari. Tujenge betri, basi.

#4 Fundi Mbagala
Nimeitwa, nimekuja. Kimara Mwisho, jibu langu ni fupi: bwawa liko Rufiji, wewe uko Kimara. Katikati kuna njia ya kilovoti 400 hadi Chalinze, kuna vituo vya kupozea umeme, kuna laini za mtaani, kuna transfoma ambayo ilifungwa mtaa ukiwa na nyumba 30 na leo zipo 120 zenye viyoyozi. Fyuzi ya transfoma ikikatika saa 2 usiku, hata Rufiji wakiwa na mashine ishirini wewe uko gizani. Watu wa Gerezani wanakimbia tatizo la mita 300 za mwisho. Ndicho ninachokiona kila siku nikipanda ngazi.

#5 Mstaafu wa Kidatu
Salaam kwenu nyote.

Kitonga mwanangu, moto wako naupenda, ila namba zirekebishe. Mashine moja ya Rufiji ni megawati 235, zidisha kwa tisa upate 2,115. Na Hornsdale hailishi jimbo. Ilipofunguliwa mwishoni mwa 2017 ilikuwa na uwezo wa megawati 100 na akiba ya megawati-saa 129. Gawa mwenyewe: ikitoa kwa nguvu zote, saa moja na robo imekwisha. Kazi iliyoipa jina ni kushika masafa.

Nieleze hilo, maana watu wengi hawajawahi kuliona. Masafa ni mapigo ya umeme kwa sekunde, na gridi yetu inapiga hezi 50, yaani mapigo 50. Mashine moja ikidondoka ghafla, mzigo unabaki uleule na mashine zilizobaki zinaelemewa, zinaanza kupunguza mwendo. Ukiwa chumba cha udhibiti unaona 49.9, 49.7, 49.4, na chini ya miguu unasikia mlio wa mashine umebadilika kabla hata hujasoma namba. Unataka kuongeza maji, lakini maji ni mzigo mzito, yako ndani ya bomba refu, hayakimbii kwa sababu wewe una haraka. Milango inachukua sekunde kadhaa kufunguka. Masafa yakizidi kushuka, vifaa vya ulinzi vinaanza kukata mikoa ili kuiokoa gridi, na vikichelewa gridi nzima inalala.

Betri haina maji ya kusubiri. Inajibu kabla hujapepesa jicho.

Kidatu tulikuwa na mashine nne za megawati 51. Moja ikitoka, pengo ni 51. Leo mashine moja ikitoka Rufiji pengo ni 235. Kwa hiyo Fundi, nakuheshimu, ila bwawa kubwa halijaondoa haja ya betri kwenye gridi. Kwa upande huu limeiongeza.

#6 Kitonga
Shikamoo mzee. Nimesahihishwa, ahsante.

#7 Mama Barafu
Jamani mimi siyajui masafa, nasema yangu. Niko Mbezi, nauza barafu, ubuyu na samaki wa kugandisha. Nina friza mbili. Mwaka jana nilinunua betri kubwa imeandikwa 200 na inveta ya wati 1,000. Muuzaji akaniambia mama utalala usingizi. Umeme ulipokatika, friza ikajaribu kuwaka, inveta ikapiga kelele ikazima. Ikajaribu tena, ikazima. Usiku ule nilipoteza kibua na changu wa mtaji wa wiki. Nilikaa nje nawatoa kwenye mifuko mmoja mmoja nawanusa, wengine nikawapa majirani usiku huohuo wakaange.

Baada ya miezi minane betri ikavimba ubavuni. Nimeiweka stoo chini ya bati. Kosa langu liko wapi?

#8 Fundi Mbagala
Pole sana mama. Kosa si lako, ni la aliyekuuzia bila kuuliza unawasha nini.

Kwanza inveta. Friza ikikimbia inakula wati 150 tu, lakini kompresa ikianza kuzunguka inavuta mara tano, sita, hata zaidi kwa nukta moja. Friza mbili zikianza pamoja inveta ya 1,000 inaona kama imepigwa shoti, inajizima. Ulihitaji kubwa zaidi, yenye wimbi laini, au uwashe friza moja kwanza na ya pili baadaye.

Pili betri. Volti 12 kwa ampea-saa 200 ni uniti 2.4. Lakini hiyo ni ya madini ya risasi, ukiimaliza zaidi ya nusu kila mara unaiua. Kwa hiyo una uniti 1.2. Friza moja kwa siku inaweza kula karibu 2. Gawa mwenyewe.

Tatu ndiyo iliyoivimbisha: stoo chini ya bati. Betri ya risasi imepimwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi kumi zaidi ya hapo, umri wake unapungua kama nusu. Bati la Dar saa 8 mchana Februari, wewe mwenyewe huwezi kukaa humo.

Na ungepanda nayo mizani. Betri halisi ya 200 iliyozibwa haipungui sana kilo 60. Nimewahi kushika moja imeandikwa 200 nikaibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji nusu. Hiyo risasi iko wapi?

#9 Binti Tegeta
Naomba nilete kalamu, mimi ni mhasibu.

Nimenunua ya lithiamu ya ukutani, uniti 5, milioni 2.6 kwa betri peke yake. Wanasema inachajiwa na kutumika mara 6,000. Nikitoa uniti 4.5 kila mara, ni uniti 27,000 maishani, yaani kama shilingi 96 kwa kila uniti ya kuhifadhi. Inavutia.

Lakini hiyo ni kama naitumia kila siku. Mimi sina paneli, naichaji kwa LUKU, na inafanya kazi umeme ukikatika tu. Tuseme mara 40 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni mara 400, uniti 1,800. Sasa kila uniti imenigharimu zaidi ya 1,400, na bado sijaweka zile 350 na ushee nilizolipa LUKU. Jenereta yangu ya zamani ilikula lita moja ya petroli kwa uniti mbili hivi. Zinakaribiana! Nilichonunua ni ukimya na kutonusa moshi, na mtoto wangu ana pumu, kwa hiyo sijutii.

Ila naona hapa ndipo Mstaafu na Fundi wanapopishana bila kujua. Betri ya gridi inafanya kazi kila siku, inajilipa. Elfu moja za majumbani zinakaa zimelala ukutani zinangoja giza.

#10 Kimara Mwisho
Binti Tegeta, hii hesabu nimeichapa nimempelekea shemeji yangu.

#11 Mpogoro wa Mahenge
Mnasahau kwamba madini ya betri hizo yapo kwetu. Kinywe (grafiti) kama cha Mahenge ndicho kinachoingia upande hasi wa karibu kila betri ya lithiamu, na Ngara kuna nikeli ya Kabanga. Madini yako kwetu, China wanatengeneza, sisi tunanunua Gerezani. Tukijenga kiwanda hapa naamini bei itashuka.

#12 Fundi Mbagala
Kinywe nakuunga mkono kabisa, uzito wake ndani ya betri unazidi hata wa lithiamu yenyewe. Nikeli hapana. Hizi za ukutani karibu zote ni za lithiamu yenye chuma na fosfeti, hazina nikeli wala kobalti. Nikeli iko zaidi kwenye magari ya masafa marefu. Kabanga ina soko, ila si kwenye betri ya Binti Tegeta.

#13 Binti Tegeta
Na bei imeshashuka bila kutusubiri. Kwa takwimu za watafiti wa nishati wa BloombergNEF, mwaka 2010 pakiti ya lithiamu duniani ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa uniti moja ya akiba. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Labda jibu la swali la #1 ni jepesi kuliko tunavyodhani: watu walitaka siku zote, sasa wanaweza kununua.

#14 Mpemba wa Ilala
Bei ni sehemu tu. Mimi naona ni kumbukumbu. Desemba 2009 waya wa chini ya bahari ulizimika, Unguja ikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Na mwaka 2008 tulikuwa tumeshakaa kama mwezi. Jina la kila mtu aliyekuwa na jenereta lilizama kwenye akili yangu. Kila jioni tulijua nyumba ya nani ina taa. Maji hayapandi kwa sababu pampu ni za umeme. Nilisoma kwa kandili, asubuhi pua nyeusi. Waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliwekwa 2013, na alhamdulillahi. Lakini mtu aliyepita pale, ukimwambia umeme upo, atanunua betri.

#15 Chachandu
Mpemba ulikuwa Unguja unafanya nini?

#16 Mpemba wa Ilala
Nasoma, kaka. Pemba tulikuwa na giza letu wenyewe.

#17 Kitonga
Narudi, safari hii nimesoma. Mzee wa Kidatu, swali. Watu wanasema bwawa lenyewe ni betri. Ziwa la Rufiji linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kishapu, Shinyanga, kuna mradi wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza 50. Mchana jua likiwaka tunafunga maji, saa 1 usiku watu wakiwasha taa na majiko tunayafungulia. Betri ya lithiamu ya nini?

#18 Mstaafu wa Kidatu
Hilo ndilo swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na nakubali sehemu kubwa. Kwa kuhamisha umeme kutoka mchana kwenda usiku, maji yanatutosha kwa sasa. California hawana bahati hiyo ya kutosha, ndiyo maana Aprili 2024 walivuka megawati 10,000 za betri: jua lao likizama jioni wanahitaji kitu cha kukamata mzigo. Afrika Kusini nao wana kituo cha Ingula, megawati 1,332, wanapandisha maji mlimani umeme ukiwa mwingi na kuyashusha jioni. Lakini hata wao Novemba 2023 walifungua betri ya Hex pale Worcester, megawati 20 kwa saa tano. Wana milima na maji ya kupandisha, na bado wakaongeza.

Angalia pia: Rufiji haiwezi kupandisha maji juu. Inaweza kuyazuia tu. Na maji yenyewe yanategemea mvua. Mwaka 2006 bwawa la Mtera lilitukaukia. Oktoba 2015 tulizima mabwawa kwa kukosa maji. Mwaka 2024 Zambia waliona maji ya bwawa la Kariba yanashuka hadi watu wakakaa sehemu kubwa ya siku bila umeme. Malawi Januari 2022 ilikuwa kinyume: maji mengi mno, kimbunga Ana kikaharibu bwawa la umeme la Kapichira. Wamalawi wana umeme wa jua Golomoti wenye betri ya megawati 5 pembeni. Ni ndogo, ila wameanza.

#19 Fundi Mbagala
Mzee, yote kweli, na bado ukiweka betri ya megawati 200 Chalinze, fyuzi ya transfoma ya Kimara ikikatika, Kimara ni giza. Mimi ningeomba hizo fedha ziende kwenye transfoma. Au betri ziwekwe pale penye transfoma iliyoelemewa: inajazwa usiku wa manane mtaa ukiwa umelala, inasaidia saa 1 hadi saa 4 usiku. Transfoma ile inaongezewa miaka.

#20 Mstaafu wa Kidatu
Hapo sasa umesema jambo.

#21 Jirani Mwema
Mimi naogopa moto. Januari 2025 betri za Moss Landing kule California ziliungua, watu wakahamishwa. Na ninyi mnatundika sebuleni?

#22 Fundi Mbagala
Zile zilikuwa na nikeli na kobalti, zimerundikwa ndani ya jengo moja. Za chuma na fosfeti zina utulivu zaidi kwenye joto. Utulivu si kinga kamili: usifunge juu ya kitanda, usifunge mlangoni pa kutokea, waya uwe mnene wa kutosha na fyuzi iwe karibu na betri. Moto mwingi niliouona ulianzia kwenye waya mwembamba uliochemka na kofia ya betri isiyokazwa.

#23 Mpemba wa Ilala
Mimi moto haunitishi kama hizi za risasi zikifa. Mama Barafu, ile iliyovimba iko wapi? Usimpe mtu wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Vumbi la risasi likaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido alipigania hadi akapewa Tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Dakar nako, Thiaroye-sur-Mer, watoto 18 walikufa ndani ya miezi michache, 2007 kuingia 2008, kwa mchanga uliojaa risasi ya betri. Mchanga wa kuchezea, jamani.

#24 Mama Barafu
Bado iko stoo, na wajukuu wanaingia humo. Naitoa leo. Wapi wanapokea?

#25 Fundi Mbagala
Rudisha kwenye duka linalouza mpya za aina hiyo, wengi wanakukatia bei ukileta kuukuu, na uulize inapelekwa wapi. Usimwage maji yake. Iweke wima, juu ya kitu cha plastiki.

Na mama, friza zako usizinunulie betri kwanza. Wewe unauza betri. Chupa za maji zilizoganda ndizo akiba yako. Friza ikijaa barafu na mfuniko haufunguliwi, samaki wanavuka usiku na zaidi bila umeme wowote. Umeme upo unagandisha, umeme haupo barafu inatoa baridi. Ndicho kitu kilekile Kitonga anachokisema kuhusu ziwa.

#26 Mama Barafu
Miaka kumi na moja nauza barafu, sijawahi kufikiria hivyo. Nagandisha, nauza yote, friza inabaki nusu tupu na samaki chini.

#27 Kimara Mwisho
Wakuu, nimerudi. Tangu nifungue uzi nimeandika kwenye daftari kila umeme ulipokatika, siku tisa. Mara tano. Mara nne nilitoka nje nikaona mtaa wa pili, ng'ambo ya korongo, unawaka. Kwa hiyo Fundi nne. Mara ya tano nilipiga simu Kibaha kwa kaka, nako kulizima dakika ileile. Hiyo nampa Mstaafu.

Sijanunua bado. Nimepima kwa kifaa cha kubana waya: taa, intaneti, televisheni na feni mbili ni wati 240. Usiku mzima haufiki uniti 3. Friji naiacha nje ya betri.

#28 Binti Tegeta
Ukiongeza paneli mbili juu ya bati betri itafanya kazi kila siku, na ile hesabu yangu ya 1,400 inaanguka.

#29 Mstaafu wa Kidatu
Nne kwa moja kwa siku tisa za mtaa mmoja, Kimara. Endelea na daftari hadi masika yapite.

#30 Mgeni wa Bucha
Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Nina bucha Buguruni, friza moja. Mama Barafu, zile chupa umezipanga vipi?

#31 Mama Barafu
Chupa za lita moja na nusu, kumi na nne kwa friza yangu. Usijaze hadi mdomoni, acha vidole vitatu maana zikiganda zinatanuka zinapasuka. Chini sita, samaki, juu nane, halafu gunia safi juu ya mfuniko. Juzi umeme ulikatika saa 3 usiku ukarudi saa 1 asubuhi. Nilipofungua, kibua alikuwa mgumu, nimemgonga kwenye ukingo wa friza amelia kama jiwe.